Baki wodini kwanza, kisha usome mpaka juu

Dada mmoja mwenye stashahada ya uuguzi ameniandikia akiuliza kama aunganishe masomo moja kwa moja hadi uzamili au afanye kazi kwanza. Ujumbe wake umenikuta nimepokea matokeo yangu ya mwisho ya uzamili, na nimefaulu vizuri sana. Namshukuru Mungu, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Dada yangu, fanya kazi kwanza.

Mimi nilianza na cheti, nikaja stashahada, kisha shahada. Shule yangu kubwa ilikuwa wodi ya upasuaji, kwenye kusafisha na kufunga vidonda. Huko nilimhudumia mzee mmoja mwenye kisukari aliyekuwa ameshinda na msumari ndani ya kiatu bila kuhisi chochote, mpaka alipovua akakuta soksi imelowa damu. Alikuja kidonda kimeshaoza, na mguu ukakatwa. Nilipomuuliza, akasema hajawahi kupimwa nyayo. Kipimo chenyewe ni uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa nyayoni, anakuambia amehisi au hakuhisi. Ni dakika chache tu! Tangu siku ile nikajua nitabobea katika kisukari. Ungenipeleka uzamili kabla ya mzee yule, ningechagua fani kwa jina lake tu.

Nilipoomba ruhusa ya masomo, mkubwa wangu wa kazi alinijibu mbele ya wenzangu: "Muuguzi na uzamili wapi na wapi? Mgonjwa anataka mikono yako, hataki vyeti vyako." Watu wakacheka. Maneno yale yananiuma hadi leo, maana mwenzangu mmoja, mwenye akili kunizidi, aliyasikia akafuta kabisa wazo la kurudi shule.

Na si kwamba jambo hili limezuka jana. Mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi wabobezi, yaani waliosomea zaidi ili wachunguze na kutibu wagonjwa wenyewe, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, wakilenga watoto ambao huduma haikuwafikia. Leo Baraza la Kimataifa la Wauguzi linapendekeza uzamili uwe ndio kiwango cha chini cha kuingilia uuguzi bobezi.

Masomo ni magumu, nisikudanganye. Yanabebwa na mambo matatu: jinsi ugonjwa unavyoharibu mwili, dawa, na uchunguzi wa mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Chukua metformini, dawa ya kisukari. Wodini nilikuwa naigawa kama ilivyoandikwa kwenye faili. Sasa naangalia kwanza uchujaji wa figo, na ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika najua dawa hiyo haitakiwi tena. Mikono ni ileile iliyofunga vidonda, ila sasa uamuzi nao ni wangu, na lawama pia.

Wauguzi wenzangu, tusisome ili tuikimbie wodi. Nimewaona wanaopata shahada wakaanza kuona kumgeuza mgonjwa kitandani ni kazi ya wadogo zao. Ukifika huko umepotea, hata ukivaa joho mara ngapi. Soma kwa ajili ya yule anayekungoja na kidonda chake. Soma ukitoka zamu ya usiku, soma wakikucheka, soma.

Halafu, dada, kabla hujalipa ada, nenda kwenye baraza la wauguzi la nchi yako uulize mambo mawili: je, kozi hiyo inatambuliwa, na je, sheria itakuruhusu kuagiza vipimo na kuandika dawa ukihitimu? Nchi hazilingani katika hilo. Na chuo kikuonyeshe kwa maandishi utafanya saa ngapi za mazoezi kwa wagonjwa chini ya msimamizi. Wakishindwa kukuonyesha, tafuta chuo kingine.