Shangazi Anajibu: "Mume wangu alikuwa mhasibu, nimwelezeje?"

Shikamoo Shangazi. Mume wangu alifariki baada ya kuugua, na mwaka ukitimia ndugu, marafiki na wenzake wa kazini watakusanyika kumkumbuka. Mimi ndiye nitakayesoma wasifu wake. Alikuwa mhasibu maisha yake yote ya kazi: alianza ukarani wa leja, akamaliza akiwa mhasibu mkuu. Nimeandika kurasa nne na zote zinasomeka kama barua ya kuomba ajira. Kazi yenyewe siielewi. Ninachokumbuka ni vitu vidogo vidogo. Hakusaini kitu asichokisoma, hata barua ya shule ya kumruhusu mtoto kwenda matembezi aliipitia mpaka ukurasa wa nyuma. Stakabadhi alizipanga kwa miezi ndani ya maboksi ya viatu. Usiku mmoja aliniamsha kwa furaha, kisa ameipata tofauti iliyomsumbua kwenye hesabu, kiasi kisichotosha hata kununua kalamu. Akasema, "Iligawanyika kwa tisa!" Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Halafu yapo mawili yanayonitatiza. Aliwahi kukataa kuidhinisha malipo fulani, akahamishiwa idara isiyo na shughuli. Je, niliseme? Na nimekuta daftari la watu aliowakopesha, wengine kawapigia mstari. Nalo nilifanyeje? *– Mjane wa mhasibu*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Zile kurasa nne ziweke kando. Vyeo vyake wenzake wanavijua, na wasiovijua hawatavikumbuka hata wakivisikia. Ila hiyo tisa! Kabla sijaingia kwenye magazeti nilikuwa karani wa hesabu, na niliposoma barua yako nilicheka peke yangu.

Ngoja nikueleze. Mhasibu huandika kila kiasi mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Fedha ikitoka hapa, lazima ionekane imeingia kule. Mtawa Luca Pacioli aliieleza kanuni hiyo katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, wafanyabiashara wakiwa tayari wanaitumia, na mumeo aliifuata hiyo hiyo kwenye kompyuta. Mwisho wa kipindi unajumlisha pande zote mbili, na jumla lazima zilingane. Zisipolingana, hulali. Sasa chukua 8,140, mtu kaiandika 8,410. Tofauti ni 270. Igawe kwa 9, unapata 30 kamili. Ukipindua tarakimu mbili zilizokaa jirani, tofauti itagawanyika kwa 9 daima. Kwa hiyo mhasibu akiona tofauti ya namna hiyo, hatafuti fedha iliyopotea; anatafuta tarakimu zilizopinduliwa. Na kama tofauti inagawanyika kwa 2, anatafuta nusu yake, maana huenda kiasi hicho kimeandikwa upande usio wake.

Yule aliyekuamsha usiku alikuwa amemaliza msako. Hakujali udogo wa kiasi, kwa sababu tofauti ndogo yaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana. Anza wasifu wako na usiku huo. Usimulie ulivyokuwa: ulimjibu nini, alikuwa amevaa nini, mlirudi kulala au mlikaa mkiongea. Kisha eleza hiyo tisa kwa maneno yako, kwa mfano mmoja tu. Wahasibu watakaokuwepo watatikisa vichwa, na watoto wako watakuwa wamefahamu kazi ya baba yao kuliko kwa kusomewa vyeo kumi.

Toka hapo nenda kwenye barua ya shule na maboksi ya viatu, maana ni mtu yule yule. Mhasibu huwa haandiki kitu bila hati ya kukithibitisha. Angalia kama aliweka boksi la mambo yasiyo ya fedha, wengi wao wanalo. Lakini tafadhali, usiniandikie "alikuwa mchapakazi, mpole na mcheshi". Sentensi hiyo nimeisikia ikisomwa kwa watu ambao hawakuwa hata kimoja. Na "ameacha pengo lisilozibika" waachie watakaosimama baada yako, hawatakosa kuisema.

Kuhusu yale malipo: liseme, lakini kwa mipaka. Maadili ya wahasibu yanayofuatwa kimataifa yana misingi mitano: uadilifu, kutoegemea upande, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo unaoiheshimu taaluma. Wajibu wa usiri haukomi mtu anapoacha kazi, na yeye mwenyewe naona aliutunza, kwa sababu kwenye barua yako hakuna jina wala kiasi. Huenda hata wewe hakukwambia. Basi usitaje ofisi, usimtaje mkubwa aliyemhamisha, usikisie malipo yalikuwa ya nini. Sema kwamba aliletewa karatasi, akaisoma, akaona haisainiki, akairudisha, na gharama yake ilikuwa kukaa idara isiyo na shughuli. Hapo ongeza kile unachokijua wewe pekee: alikuwaje nyumbani kipindi hicho? Alinyamaza? Alianza kuwahi kurudi? Watoto walifaidi? Hayo hayana siri ya mtu yeyote.

Daftari ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usilisome mbele za watu, wala usilichome kwa hasira au kwa huruma. Fedha anazodai marehemu ni sehemu ya mali aliyoacha, kama vile anazodaiwa zilivyo mzigo wa mali hiyo. Mkabidhi msimamizi wa mirathi, ubaki na nakala. Ile mistari nayo msikurupuke kuitafsiri: yaweza kuwa mtu alilipa, na yaweza kuwa mumeo alikata tamaa akalifuta deni, kama benki zinavyofuta mikopo chechefu. Mhasibu makini huweka tarehe au alama pembeni. Tazama kama zipo, ulinganishe na stakabadhi za mwezi huo kwenye maboksi. Mtu asidaiwe alichokwisha kulipa. Kwenye wasifu inatosha useme alikopesha watu na hakuwahi kumtangaza mdaiwa wake, kama ni kweli. Kama aliwatangaza, ruka.

Urefu: kurasa mbili, zisizidi. Zichape kwa herufi kubwa, maana machozi huchanganya mistari, na umpe shemeji au binti yako nakala ya pili akae karibu nawe, ili sauti ikikukatika aendelee palepale. Hesabu ya ile tisa umwachie ndugu mwingine aihakiki kabla ya siku yenyewe. Mbele ya wahasibu wale, tarakimu moja ikipinduka watakatiza hotuba.