Muulize Injinia: Matangi ya petroli yanazikwa jirani na kisima chetu

SWALI: Assalam aleikum injinia. Ploti iliyo mbele ya kwetu hapa Kisauni inajengwa petroli stesheni. Tuliitwa baraza tukaonyeshwa karatasi za plani, matangi mawili ya lita 30,000 kila moja yanazikwa chini, na kisima chetu kiko ng'ambo ya barabara tu, ndicho tunachotegemea manake mfereji waweza kukauka wiki nzima. Tumeambiwa tutoe maoni kabla mwezi kuisha lakini zile karatasi hatuzielewi, tuangalie nini? – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu, na ahsante kwa kuuliza mapema, manake wengi huniandikia lami ishamwagwa. Ile picha ya paa na pampu zenye rangi iweke kando. Itisha karatasi inayoonyesha shimo kwa ubavu, unaliona tangi lilivyokaa ndani na nini kiko chini yake na juu yake, halafu tafuta mstari wa maji, yaani ukichimba hapo unakutana na maji mita ngapi. Kama mstari huo haupo basi plani haijaisha, na hayo ndo maoni yako ya kwanza uyaandike.

Ukiupata, uliza maji yalipimwa lini. Sisi watu wa pwani twajua mwamba wetu wa matumbawe una nyufa na mapango, na visima vya karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Mtu akija kupima kiangazi, tena siku za maji mafu, yaani bahari haijai sana, atawaandikia maji yako mbali na hatakuwa amesema uongo, lakini tangi litakaa pale miaka na miaka. Wapime bamvu, yaani siku bahari inapojaa zaidi, tena ikiwa imejaa, na waifikirie masika.

Nashikilia sana hili la maji kwa sababu tangi huelea. Watu hudhani likijaa mafuta ni zito haliendi popote, hebu piga hesabu: tangi la lita 30,000 likizama lote linasukumwa juu kwa uzito wa tani 30, petroli iliyojaa ndani ni kama tani 22 tu, na chuma chenyewe tani chache. Kwa hivyo hata likijaa bado lataka kupanda, na likiwa tupu ndo balaa, linanyanyuka na zege ya juu inapasuka na paipu zinakatika kwenye viungo. Siku mbaya kuliko zote ni zile za ujenzi, tangi lishashushwa, halina kitu ndani, shimo liko wazi na usiku mvua inyeshe.

Kwa hivyo kwenye ile karatasi tafuta sakafu ya zege chini ya tangi na mikanda inayolifunga kwenye sakafu hiyo, halafu itisha hesabu ya kuelea, iwe imepigwa tangi likiwa tupu na maji yakiwa juu kabisa. Hapa kuna ujanja mmoja nawaomba mumwonyeshe injinia wenu yeyote: zege ya nchi kavu ni kama tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, ikizama majini inabaki kama 1.4. Anayehesabu uzito wa nchi kavu kwenye shimo lenye maji anajidanganya na anawadanganya na nyinyi.

Jambo la pili ni kutu. Udongo wetu una chumvi na chuma cha tabaka moja hakitoshi jirani na kisima, mimi nisingekubali. Ombeni tangi la kuta mbili lenye kipimo katikati, ukuta mmoja ukitoboka kengele inalia kabla mafuta hayajafika nje. Na shimo lijazwe mchanga safi, sio vifusi vya matumbawe vilivyochimbuliwa hapo hapo, vile vina ncha zinazochubua rangi ya kinga na kutu huanzia pale pale palipochubuka.

Siku ya kulijaribu muwepo. Tangi hujazwa upepo kidogo tu, halafu fundi anapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya kuchomelea na mnaangalia kama kuna povu linalofura. Hii hufanywa kabla halijashushwa, likishafunikwa hakuna wa kuona tena.

Na nyinyi wenyewe fanyeni hili kabla shimo kuchimbwa: peleka maji ya kisima maabara yapimwe mafuta na benzini, yaani kemikali moja iliyo ndani ya petroli, uweke cheti. Petroli huelea juu ya maji lakini benzini yake huyeyuka humo, na ni kitu kinacholeta saratani. Bila cheti cha kabla, siku ikitokea harufu watawaambia ilikuweko zamani.

Mwenye ploti anahitaji leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na kibali cha ujenzi kutoka EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, na idhini ya kaunti pia. Maoni yenu yawe kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri, na leseni ikitolewa bila kuwasikiza mnaweza kukata rufaa kwenye jopo la mazingira la taifa ndani ya siku 60.

SWALI: Nafanya kazi sheli moja Likoni. Kila asubuhi nikipima kwa kijiti, tangi limepungua lita kama kumi hivi zaidi ya tulizouza jana. Bosi anasema ni joto. – Kijana wa pampu

JIBU: Joto lipo kweli ndugu yangu, lita 10,000 za petroli zikipoa digrii moja hupungua kama lita kumi. Lakini mafuta hupoa baada ya lori kushusha, hayapoi kila siku mwezi mzima. Andika vipimo vyote, cha asubuhi, mauzo, na kilicholetwa, ujumlishe mwisho wa mwezi. Marekani kanuni zao zilizotoka 1988 zinataka upungufu au ziada isipite asilimia 1 ya mafuta yaliyopita kwenye tangi mwezi ule, ukaongeza galoni 130, hiyo ni kama lita 490. Halafu paka ile dawa ya kugundua maji kwenye ncha ya kijiti. Ikibadilika rangi na maji yanaongezeka kila mvua ikinyesha, basi huenda tangi lina tundu, pampu zisimamishwe siku hiyo hiyo na aitwe mtu wa kulipima. Vipimo vyako piga picha ukae nazo.