Kabla Hamjaomba Fedha, Andikeni Antena ni ya Nani

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilifungua simu nikakuta ujumbe wa mwanafunzi mmoja wa uhandisi hapa Mombasa. "Fundi, shikamoo. Sisi ni watatu, tunataka kujenga kituo cha kupokea mawimbi ya satelaiti. Mhadhiri wetu anasema wako wafadhili wanaotaka chuo kishirikiane na kampuni. Utakubali tuandike jina la karakana yako kwenye maombi?"

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na ujumbe wako siku mbili bila kujibu, kwa sababu miaka sita iliyopita jina la karakana yangu liliandikwa kwenye maombi kama hayo, na fedha tukapata. Jibu langu ni refu. Naliweka hapa kwa kuwa najua wenye ndoto kama yako ni wengi.

Wasionijua: mimi hutengeneza redio na vyombo vya kuongozea mashua, Mwembe Tayari. Mambo ya anga niliyaanza kwa udadisi. Nilikata fimbo mbili za alumini, kila moja sentimita 53 na ushei, nikazitanua kwa pembe ya nyuzi 120, nikaziunganisha na kipokezi kidogo na kompyuta ya mkononi. NOAA 19, satelaiti ya Marekani ya hali ya hewa, ilipopita juu yetu, kwenye masafa ya megahezi 137, picha ya mawingu ikaanza kushuka mstari baada ya mstari: pwani ya Somalia, Pemba, Bahari ya Hindi yote imetanda mbele ya macho yangu. Nilitokwa na machozi na sioni haya kulisema. Satelaiti ile ilizimwa 2025, lakini picha bado iko ukutani dukani.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini kituo kama hiki ni cha kushirikiana. Satelaiti ya karibu huzunguka dunia kwa saa moja na nusu hivi, na ikipita juu yako unaipata kwa dakika kumi tu, au kumi na ushei. Muda wote uliobaki antena yako imekaa bure. Wagiriki walioanzisha SatNOGS, mtandao wa vituo vya kupokea mawimbi ya satelaiti, mwaka 2014 waliliona hilo mapema: antena ya mmoja ipokee kwa niaba ya wengine.

Basi tukawa watatu. Chuo kilikuwa na paa na wanafunzi. Kampuni moja ya vifaa vya meli ilikuwa na fedha kidogo na wateja. Mimi nilikuwa na mikono, na rota ya kugeuza antena niliyoinunua kwa akiba yangu. Mfadhili alitaka kila mshirika aonyeshe mchango wake, nami nikaiandika rota ile kuwa ndiyo mchango wangu. Tukapeana mikono. Miezi ya kujaza fomu naipita.

Ruzuku iliingia kwenye akaunti ya chuo. Chuo chenyewe ni cha umma, na taasisi ya umma hununua kwa Sheria ya Ununuzi ya 2015: bei za kulinganisha, kamati, sahihi. Siilaumu sheria, inalinda fedha za watu. Lakini tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa na waya haujanunuliwa. Nikanunua mimi, nikitumaini kurudishiwa. Sikurudishiwa, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema nirudishiwe.

Halafu kusi ikavuma. Nyie mnaoishi karibu na bahari mnaijua chumvi yetu. Baada ya msimu mmoja viungio vya waya vilikuwa na kutu ya kijani, mawimbi yakafifia. Nani alipe? Mfadhili alitoa fedha za kujenga, si za kutunza. Kampuni ikasema kituo ni cha chuo. Chuo kikasema anayefaidika ni kampuni. Aliyepanda paani na grisi na utepe wa mpira ni mimi, mwaka mzima, bila malipo.

Lililoniuma zaidi ni saketi. Nilibuni saketi ya kuiongoza rota, nikaijaribu usiku na mchana mpaka ikatulia. Siku moja nikaiona kwa mteja wangu mwenyewe, imeuzwa, ina nembo ya kampuni ile. Nilimwendea wakili. Akanieleza kwamba chini ya Sheria ya Mali za Viwanda ya 2001, uvumbuzi wa kazi ya kuagizwa au ya ajira ni wa aliyeagiza au wa mwajiri, mkataba usiposema vinginevyo. Kisha akaniuliza mkataba wangu uko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sikuwa na daftari.

Marekani walianzisha mwaka 1992 mpango uitwao STTR, wa fedha za serikali kwa kampuni ndogo inayofanya utafiti pamoja na taasisi, na NASA, shirika lao la anga, ni mmoja wa walioutumia. Kwa masharti yake kampuni ndogo ilitakiwa ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, taasisi ya utafiti angalau asilimia 30, na wawili hao waandikiane nani anamiliki nini. Mpango ule ni wa kampuni za huko, lakini utaratibu wake hakuna anayetuzuia kuuiga. Tazameni pia 1KUNS-PF, ile satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya sentimita kumi kila upande, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018. Nafasi ya kurushwa ilitoka kwa Japani na Umoja wa Mataifa, na chuo kikuu cha Sapienza cha Roma kikashirikiana na Nairobi. Kila mmoja alijulikana analeta nini.

Sisi wa pwani hasa hatuna udhuru wa kutojua. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza ya kutafiti mawimbi ya eksirei angani. Iliitwa Uhuru, kwa ajili ya sikukuu yetu. Satelaiti ilikuwa ya Wamarekani, roketi yao, waliorusha ni Waitaliano. Chetu kilikuwa bahari na jina. Vijana wangu, msikubali tena kuchangia jina peke yake. Andikeni kila kifaa ni cha nani. Andikeni nani atalipia waya ukioza mwaka wa tatu. Andikeni ubunifu utakuwa wa nani, na anayetoa fedha yake mfukoni atarudishiwa lini. Yaandikeni kabla ya fomu ya mfadhili, wakati bado mnapendana.

Jina la karakana nitawapa. Jumamosi niko dukani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Njooni nyote watatu na mhadhiri wenu, na karatasi tupu. Tukishaandikiana na kutia sahihi, nitawaonyesha namna ya kukata zile fimbo.