Jibu: Picha za skrini kwa timu ya watu 8

Mkuu, umeuliza kama programu ya kupiga picha ya skrini kila dakika 5 itaongeza kasi ya timu yako ya watu 8. Piga hesabu kwanza: picha 12 kwa saa, kwa saa 8, kwa watu 8, ni 768 kwa siku. Nani atazitazama? Tena zinanasa hadi ujumbe binafsi. Kuhesabu mwendo wa kipanya cha kompyuta ndiko hakusaidii kabisa, vifaa vya kukitikisa ili mtu aonekane yuko kazini vipo.

Pima kazi yenyewe: kila ombi liandikiwe lilipofunguliwa, lilipoanza kushughulikiwa na lilipofungwa. Likilala siku 3 kabla ya kuanza, huenda limekwama kwa anayeidhinisha (pengine ni wewe). Na chochote utakachowasha, waarifu kwa maandishi kabla.