Toeni vitabu kwenye kabati jamani

Miaka sita iliyopita nilikabidhiwa maktaba ya shule ya msingi huku kwetu kanda ya ziwa. Nikisema maktaba usifikirie jengo, kilikua chumba kilichowahi kua stoo ya majembe, ndani kuna kabati la chuma lenye kufuli na maboksi ya vitabu vya msaada yamejaa vumbi. Funguo inakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, kitabu kikitoka kinaandikwa kwenye kaunta buku, kikipotea mzazi analipa. Nilifungua hiyo kaunta buku nikakuta mwaka mzima majina ya walioazima hayajajaza hata ukurasa mmoja, na walimu ofisini wanasema watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Kwakweli iliniuma, maana hao watoto walikua hawajawahi hata kuulizwa.

Sasa kama na wewe umepewa hii kazi juzi juzi, anza na maboksi. Chambua. Mi nilikaa wikendi mbili nachambua, nikakuta vitabu vizito vya Kiingereza vya kompyuta za zamani, vya biolojia ya chuo, vya theluji na sherehe ambazo mtoto wa huku hajawahi kuzisikia, na ukumbuke wengi wao nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiswahili chenyewe wanakishika vizuri wakishaingia darasani. Vilivyobaki vya kumfaa mtoto wa la tatu havikujaa boksi moja. Usiogope, hivyo vichache vinatosha kuanzia kuliko kabati lililojaa vitu visivyoguswa.

Alafu vionekane. Vijitabu vya hadithi ni vyembamba, vimepigwa pini mbili katikati, ukivisimamisha kwenye shelfu mtoto haoni jina wala picha, anaona karatasi tu. Tulifunga kamba za katani ukutani tukavining'iniza kwa vibanio vya nguo, jalada linaangalia mlangoni. Ule mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, makundi kumi kuanzia 000 mpaka 900, unafaa sana kwenye maktaba kubwa ila kwa vijitabu sabini utawachosha watoto bure, mi nilibandika karatasi za rangi tu, kijani kina sentensi moja kila ukurasa, njano kina aya fupi fupi, nyekundu ni hadithi ndefu. Ila usimpangie mtoto rangi, yaani hilo nakuomba sana, mwache achague, akichukua nyekundu akaangalia picha tu akarudisha hujapoteza kitu.

Kilichonichukua mda mrefu kukiona ni maswali. Sisi walimu tumezoea mtoto akimaliza kusoma tu tunamuuliza wahusika ni nani, umejifunza nini, funzo la hadithi ni lipi, na mimi nilikua nafanya hivyo hivyo tena kwa nia njema kabisa, mpaka siku moja nikamwona binti wa la nne anarudisha kitabu bila kukimaliza na alikua anakifurahia, namuuliza kulikoni anasema "Madam, nikimaliza utaniuliza." Niliacha siku ile ile. Maswali yana kipindi chake darasani, maktaba mtoto akisoma akacheka akaondoka imetosha, akitaka kukusimulia atakufata mwenyewe, na wanafata kweli, mpaka uchoke kusikiliza.

Badala yake nikaanza kuwasomea kwa sauti, dakika kumi na tano mchana, naigiza sauti za fisi na za bibi, alafu nakatisha pale pale patamu naning'iniza kitabu kwenye kamba. Kesho yake kitabu kinagombaniwa.

Ila kama utachukua kitu kimoja tu kwangu chukua hiki cha wakubwa kuwasomea wadogo. Kila shule ina watoto wa la tano na la sita ambao kusoma bado kunawapiga chenga, walipita madarasa ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) silabi hazijashika na sasa wanaona aibu kushika kitabu cha la kwanza mbele ya wenzao. Kulikua na kijana wa la sita mrefu kuliko mimi, darasani alikua hafungui mdomo. Nikamwambia Ijumaa nahitaji mtu wa kuwasomea wa la kwanza, achague kitabu cha kijani akajiandae. Alikaa na kile kitabu siku nne, anakiita "kitabu cha watoto wangu", hakuna wa kumcheka kwasababu anajiandaa na kazi. Ijumaa akakaa kwenye mkeka wadogo wamemzunguka akasoma, polepole, kidole kwenye mstari, na wale wadogo wakamwambia rudia. Alirudia mara tatu. Kufika mwezi wa kumi alikua kwenye njano, na sikuwahi kumfundisha silabi hata moja mimi.

Kuhusu vitabu kuchanika, ni kweli vitachanika. Mwaka 1931 mkutubi mmoja wa India, Ranganathan, aliandika kanuni tano za kazi hii na ya kwanza kabisa ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa, na akakumbusha kwamba zamani Ulaya vitabu vilikua vinafungwa minyororo kwenye mashelfu visiibiwe. Nilivyosoma hapo nikakumbuka kufuli letu. Tulifuta faini ya vitabu, maana wazazi walikua wanawakataza watoto kuazima, tukaanzisha hospitali ya vitabu, kila Jumatano watoto wanakaa na gundi, sindano, uzi na selotepu wanatibu. Aliyechana ndo anatibu, bila fimbo.

Na vikikuishia usisubiri wafadhili. African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili mtandaoni bure tangu 2014, leseni yao inaruhusu kuprinti na hata kutafsiri, sisi tunaprinti nyeusi na nyeupe na watoto wanapaka rangi picha wenyewe. Nyingine zinatoka kwa bibi zao, mtoto anasikiliza nyumbani, anaandika, anachora, tunashona jalada la manila. Hizo ndo zinaazimwa kuliko zote, kila mtu anataka kuona jina la rafiki yake juu.

Likizo ya Desemba hii iliyopita tulivigawa karibu vyote vikaenda nyumbani, nimebaki na kamba na vibanio. Vitatu havijarudi mpaka leo, kimoja nasikia kinasomwa kijiji cha pili na watoto ambao si wa shule yetu, nimewaambia wakikimaliza waje wachukue kingine.