Re: Kwa nini Kjær alishindwa Atalanta, akang'aa Milan?

Mkuu, umeuliza kwa nini Simon Kjær, beki wa Denmark, alikosa namba Atalanta ya Italia 2019, kisha akawa nguzo ya Milan. Tazama mfumo. Gasperini, kocha wa Atalanta wakati huo, hutumia mabeki watatu, wanakaba mtu kwa mtu uwanja mzima. Beki humfuata mshambuliaji hadi katikati. Kjær hakuwa na kasi hiyo, na alipovutwa nje nyuma palibaki wazi. Nguvu yake ilikuwa kusoma mchezo, mipira ya juu na kupanga wenzake. Januari 2020 akaenda Milan kwa mkopo. Pioli, kocha wa Milan wakati huo, alicheza na mabeki wanne, na Kjær akabaki eneo lake. Desemba 2021 aliumia goti dhidi ya Genoa, msimu wake ukaishia hapo, ila Milan walichukua ubingwa wa Italia.