Kipindi cha dini shuleni: maswali yenu na majibu yangu

Tangu niseme hapa kwamba kipindi cha dini kibaki kwenye ratiba ya shule za serikali, wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini mmeniandikia kwa wingi. Wengine mmekasirika. Nimechagua maswali yanayowagusa watoto moja kwa moja.

Serikali yetu haina dini. Kwa nini shule yake iwe na kipindi cha dini? Si tuyaachie makanisa na misikiti? (Baba, Uyole)

Ni kweli, ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi haina dini, na ya 19 inafanya ibada na kueneza dini kuwa hiari ya mtu. Lakini tazama kipindi kinavyotakiwa kuendeshwa: shule inatoa chumba na muda, halafu anayefundisha ni katekista, mwinjilisti au ustadhi aliyetumwa na watu wa dini yake. Serikali haihubiri.

Kumbuka pia tulikotoka. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wakatoliki wakajenga Tosamaganga, na hadi uhuru shule nyingi za huku zilikuwa za misheni. Mtoto wa Kiislamu kutoka Usangu akitaka kusoma, mara nyingi alipita kwenye mlango wa kanisa. Sheria ya Elimu ya 1969 ndiyo iliyoziweka shule hizo mikononi mwa serikali, ili dawati liwe la mtoto yeyote. Dini haikufukuzwa, ilipewa kipindi chake. Mpango huo una busara, nami sitaki uvunjwe.

Shuleni kwa mwanangu Waislamu ni wachache. Kipindi cha dini kikifika, Wakristo wanaingia darasani na katekista, yeye na wenzake wanatumwa kumwagilia bustani. Ni sawa? (Mama, Mafinga)

Kamwene, mama. Si sawa hata kidogo, na barua yako ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Mtoto anayepewa ndoo wakati wenzake wanafundishwa anaelewa upesi kwamba yeye si wa hapo. Hakuna aliyemtukana, lakini ameshaambiwa.

Usiende peke yako. Wakusanye wazazi wenzako, muonane na mkuu wa shule, kisha mwende BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ngazi ya wilaya, mkaombe ustadhi. Kama watoto ni wachache mno, shule mbili za jirani zinaweza kuwaweka pamoja siku moja kwa wiki. Na wakati mnasubiri, wakae darasani wajisomee. Bustani ina zamu yake na zamu hiyo ni ya wote.

Wakristo nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Nimeona watoto wa Kisabato na wa Kimoravian wakiketishwa kwenye mafundisho ya Kikatoliki ya komunyo ya kwanza kwa kuwa "wote ni Wakristo". Mzazi hakuulizwa. Ninatetea kipindi hiki kwa sharti moja tu: kila mtoto awe na mahali pake, na mzazi ndiye aseme ni wapi.

Mwanafunzi wetu ni Shahidi wa Yehova. Haingii kipindi cha dini, na wimbo wa taifa haimbi. Mkuu anataka afukuzwe. (Mwalimu, Tukuyu)

Mwalimu mwenzangu, mzuie. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi zaidi ya 120 wa imani hiyo, waliofukuzwa au kusimamishwa kwa sababu hiyohiyo ya wimbo. Na shauri lenyewe lilitoka huku kwetu Mbeya. Akisimama kwa heshima na kunyamaza, hajamkosea mtu.

Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili halitoshi? (Mzazi, Njombe)

Kwa uzalendo na tabia njema linasaidia sana. Kuswali wala kusali halimfundishi mtu, na halikuwekwa kwa kazi hiyo.

Niko kidato cha pili. Nataka kuchukua Elimu ya Dini ya Kiislamu kwenye mtihani wa kidato cha nne, mwalimu wa taaluma ananikataza. (Mwanafunzi, Rujewa)

Mwanangu, hilo ni somo la mtihani wa taifa sawa na Bible Knowledge, si kile kipindi cha dini cha kila wiki. Unayo haki ya kulichagua. Ila mwalimu wako huenda anaona mbele: vyuo vingi vya cheti na diploma, vya afya vikiwemo, hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kwa hiyo lichukue kama la kuongezea, usiache baiolojia wala kemia kwa ajili yake. Hakikisha kwanza kuna mtu wa kukufundisha mada zote hadi mwisho, halafu nenda na mzazi wako kwa mwalimu wa taaluma kabla ya usajili wa mtihani.